Kumfikishia mwandishi waraka bila kujianika: mwongozo kwa watu wa Mwanza na visiwani

Maswali ni yaleyale kila mara. Nikinunua laini mpya watanijua? VPN, programu ya kuficha anwani yako mtandaoni, inatosha? Nikituma kwa WhatsApp halafu nikafuta kwa wote? Anayeuliza huwa tayari ana kitu mkononi: hati ya malipo ya kisima ambacho hakijachimbwa, daftari la mizani lenye kilo mbili tofauti kwa mtumbwi mmoja, barua ya zabuni yenye tarehe ya kabla ya tangazo. Majibu mafupi ni haya. Watakujua. Haitoshi. Kufuta hakumfuti aliyekwisha kuona, wala hakufuti kumbukumbu kwamba mliwasiliana.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo moja. Mtoa siri mara chache hukamatwa kwa sababu teknolojia imevunjwa. Hukamatwa kwa kuhesabiwa. Mwaka 2017 Reality Winner, aliyekuwa mkandarasi wa shirika la ujasusi la NSA nchini Marekani, alichapisha ripoti ya siri kwa printa na kuipeleka kwa chombo cha habari. Wachunguzi waliangalia waliochapisha ripoti ile: watu sita. Wakaangalia kompyuta za wale sita: mmoja tu alikuwa amewahi kuwasiliana kwa barua pepe na chombo kile. Kazi ikaishia hapo, na 2018 akahukumiwa kifungo cha miaka mitano na miezi mitatu. Kwa hiyo katika kila hatua hapa chini jiulize: ni watu wangapi wengine wangeweza kuwa wamefanya hili? Jibu likiwa mia tatu, umejificha. Likiwa wanne, hujajificha hata ukitumia programu gani.

Mwongozo huu ni kwa mtu aliyeona ushahidi wa wizi, hatari kwa wananchi au matumizi mabaya ya madaraka katika kazi yake ya kawaida. Haukufundishi kuingia kwenye mfumo usio wako, wala kuchukua mafaili ya wagonjwa, majibu ya vipimo au taarifa za wanafunzi. Hizo ni siri za watu, na kuzianika kunawaumiza wasiohusika.

Sheria kwa ufupi

Tanzania ina Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015. Inamlinda anayepeleka taarifa kwa nia njema kwa mamlaka husika. Usiichukulie kuwa kinga ya kupeleka nyaraka kwa waandishi. Kama jambo ni rushwa ya kawaida na unaamini litashughulikiwa, TAKUKURU wana namba ya bure 113, ila usiipige kwa simu yako kama unataka kubaki bila jina. Waraka wenye mhuri wa SIRI wa serikali unagusa Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, na huo ni uzito mwingine kabisa. Ukiwa na karatasi ya namna hiyo, ongea na wakili kwanza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inahusu kusambaza taarifa za uongo, hivyo usiongeze chumvi hata punje. Kuhusu VPN, Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo likiwataka watumiaji wajitambulishe. Muulize wakili huyohuyo hali ikoje siku unayosoma hapa, na kwa Tor pia, mtandao wa kuficha mtumiaji utakaouona hatua ya 3.

Ukikosa wakili unayemwamini, Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu Tanzania hushughulika na kesi za namna hii, na PPLAAF, shirika lililoanzishwa 2017, husaidia watoa taarifa wa Afrika kwa ushauri wa kisheria.

Vinavyohitajika

Laptopu ambayo si ya ofisi. Ya zamani inafaa, mradi iwe ya biti 64 na RAM ya GB 3 au zaidi. MacBook za chipu za M1 na kuendelea hazifai kwa kazi hii.

Flashi ya GB 8 au zaidi. Nunua mbili, maana za bei ya chini hufa wakati wa kuandikwa. Kila kilichomo kitafutwa.

Bando la GB 2 hadi 3 kwa kupakua Tails, mfumo wa kompyuta ulioelezwa hatua ya 3. Upakuaji huu ufanye nyumbani mapema, wiki kadhaa kabla, si siku ya kutuma.

Kebo ya kuunganisha simu na laptopu, au kadi ya kumbukumbu.

Sehemu yenye Wi-Fi isiyo yako, yenye watu wengi na isiyodai namba ya simu.

Na muda. Kazi yote isiharakishwe ndani ya siku moja. Ukisikia moyo unakwenda mbio, funga laptopu, endelea wiki ijayo.

Hatua ya 1: Hesabu watu

Chukua karatasi, andika waliouona waraka huu: aliyeuandika, waliosaini, waliotumiwa nakala, mhudumu wa ofisi aliyepiga fotokopi. Kisha angalia kama waraka wenyewe una alama ya nakala. Wakubwa wengine hutoa toleo lenye tofauti ndogo kwa kila mtu: koma imehama, "milioni tano" imekuwa "5,000,000", namba ya nakala imeandikwa pembeni kwa penseli. Ukipata nafasi ya kuona nakala ya mwenzako kwa shughuli ya kawaida ya kazi, linganisha mstari kwa mstari.

Kama waraka umo kwenye mfumo wa kompyuta, elewa kwamba mifumo mingi ya fedha na ya hospitali huandika nani alifungua faili gani na saa ngapi. Ukilifungua leo faili ambalo kazi yako haikuhusishi nalo, jina lako limeshabaki hapo.

Walioona wakiwa chini ya watano, usipeleke waraka wenyewe. Mpe mwandishi maelezo ya kumwezesha kuupata kwa njia nyingine: namba ya mkataba, tarehe ya kikao, ofisi nyingine yenye nakala. Au subiri. Barua ambayo leo imeonwa na watatu, baada ya ukaguzi wa mwaka huwa imeonwa na thelathini.

Hatua ya 2: Pata nakala

Usiutume kwa barua pepe ya ofisi kwenda kwako. Usichomeke flashi kwenye kompyuta ya ofisi, kwa kuwa Windows hutunza namba ya kila flashi iliyowahi kuchomekwa. Usiuchapishe kwa printa ya ofisi kama haukuwa umepangwa kuchapishwa. Printa nyingi za leza za rangi huacha kwenye kila karatasi vitone vya njano vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vyenye namba ya mashine na mara nyingine tarehe na saa. Mwaka 2005 shirika la EFF la Marekani lilionyesha jinsi vitone vya printa aina ya DocuColor vinavyosomwa.

Njia iliyo salama zaidi kwa wengi ni kupiga picha karatasi ambayo unaishika kihalali wakati wa kazi. Kabla ya kupiga, zima kupandisha picha kwenye Google Photos au hifadhi nyingine ya mtandaoni. Kosa hili linaongoza makosa yote. Picha inapanda yenyewe usiku ukiwa umelala, na akaunti ina jina lako. Weka simu kwenye hali ya ndege. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, zima mahali.

Kisha itazame picha kama mpelelezi. Chukua mfano wa hati ya kupokelea samaki iliyopigwa picha kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Macho yako yanakwenda kwenye kilo zilizofutwa na kuandikwa upya. Macho ya mpelelezi yanakwenda pembeni: ncha ya kidole gumba yenye kovu, kitambaa cha meza chenye maua ya buluu ambacho kiko kibanda kimoja tu, magamba yaliyokaukia kona ya kulia, kivuli cha simu yenye kava la masikio, na nyuma kabisa ubavu wa mtumbwi wenye namba ya usajili inayosomeka herufi kwa herufi. Karatasi iwekwe juu ya karatasi nyingine nyeupe, ijaze fremu yote, mwanga utoke dirishani, mikono ikae mbali. Piga kila ukurasa mara mbili. Kama ni kioo cha kompyuta, angalia uso wako haujajirudia kwenye kioo.

Usikunje, usitoboe, usiandike chochote kwenye karatasi yenyewe. Irudishe ilipokuwa na kwa mpangilio uleule. Ukipeleka picha inayoonyesha mkunjo katikati, na nakala yenye mkunjo ni ya ofisi moja tu, umejitaja.

Hatua ya 3: Tengeneza flashi ya Tails

Tails ni mfumo mzima wa kompyuta unaokaa kwenye flashi. Ukiwasha laptopu kwa flashi hiyo, kila kitu hupita kwenye mtandao wa Tor, na ukizima, hakuna kinachobaki kwenye laptopu. Tor yenyewe hupitisha mawasiliano yako kwenye vituo vitatu vya kujitolea sehemu mbalimbali za dunia: cha kwanza kinakujua wewe bila kujua unakokwenda, cha mwisho kinajua unakokwenda bila kukujua wewe.

Andika mwenyewe anwani tails.net kwenye kivinjari. Usifuate kiungo ulichotumiwa kwenye kundi. Pakua, kisha tumia kitufe cha uhakiki kilichopo kwenye ukurasa huohuo: unachagua faili ulilopakua, ukurasa unakuambia kama ni halisi. Usiruke hapa, hasa kama bando lilikatika katikati. Andika faili kwenye flashi kwa programu inayotajwa kwenye maelekezo ya tovuti hiyo. Kwa Windows ni Rufus. Hakikisha umechagua flashi, si diski ya nje yenye picha za harusi.

Hatua ya 4: Iwashe, izoee

Zima laptopu kabisa, chomeka flashi, iwashe huku ukibonyeza mara kwa mara kitufe cha menyu ya kuwashia: HP ni Esc au F9, Dell na Lenovo F12, Asus Esc, Acer F12. Chagua flashi. Ukurasa wa kukaribisha ukitokea, bonyeza "Start Tails".

Fanya mazoezi mara mbili tatu kwa kusoma habari za kawaida. Usiingie kwenye Facebook, barua pepe wala akaunti yoyote ya jina lako ukiwa humo. Ukiingia Instagram kupitia Tor umemwambia mwenye Instagram kwamba ni wewe, na vituo vitatu vyote vimekuwa kazi bure. Usinyooshe dirisha la kivinjari lijaze kioo. Ukubwa wa dirisha unakutofautisha na wengine.

Hatua ya 5: Chagua mahali na mtandao

Hapa ndipo watu wa kanda hii wanahitaji kufikiri kuliko mwongozo wowote wa ng'ambo unavyosema.

Laini zote Tanzania zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Ukibadilisha laini kwenye simu ileile, namba ya kifaa chenyewe, ile IMEI, haibadiliki, na kampuni inaona laini mbili zikikaa kwenye kifaa kimoja. Simu pia inaandikwa na minara. Ukivuka kwa meli kwenda Nansio, simu inaachia minara ya mjini na kushika ya Ukerewe kwa saa zinazolingana na ratiba ya meli. Laini mpya ikisafiri sambamba na laini yako ya siku zote, hiyo si laini ya siri tena.

Kisiwani shida ni uchache. Tuseme kambi ya dagaa ina simu janja ishirini na mnara mmoja. Moja ikitumia Tor usiku wa Jumanne, na habari ikatoka wiki iliyofuata, hesabu ni fupi sana. Desemba 2013 mwanafunzi mmoja wa Harvard alituma vitisho vya bomu kupitia Tor. Tor haikuvunjwa. Wachunguzi waliuliza tu ni nani walikuwa wakitumia Tor kwenye Wi-Fi ya chuo saa zile, wakafika mlangoni kwake. Mtambo uliomnasa huyo unafanya kazi vilevile kwa mtu mwema. Kwa hiyo usitumie Tor kwenye mtandao wa ofisi yako, wa chuo unachosoma, wala wa kambi unayofanyia kazi. Anayeishi Kome, Ukara au Ukerewe asubiri siku anapokuja mjini kwa shughuli yake ya kawaida.

Intaneti kafe haifai. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilizitaka kafe hizo ziweke kamera na kutunza kumbukumbu. Hotspoti ya simu yako pia haifai, isipokuwa huna njia nyingine kabisa, na hapo tumia daraja la Tor kama lilivyoelezwa katika hatua inayofuata.

Kinachofaa ni hoteli au mgahawa wenye wateja wengi, Wi-Fi yenye nenosiri lililobandikwa ukutani, sehemu ambayo hukai kila siku na hujulikani kwa jina. Katikati ya mji zipo. Kaa ukuta uwe mgongoni. Lipa taslimu, si kwa simu.

Simu yako iache nyumbani ikiwa imewashwa, mahali inapokaa siku zote. Usiizime njiani: simu isiyowahi kuzimwa mwaka mzima, ikizimwa saa mbili tu siku ile, inasema zaidi kuliko ikiwa imewashwa.

Hatua ya 6: Unganisha Tor

Tails ikishapata Wi-Fi itakuuliza namna ya kuunganisha. Chaguo la kwanza ni la moja kwa moja. La pili linaficha kwenye mtandao wa hapo kwamba unatumia Tor, kwa kupitia daraja, yaani kituo ambacho hakijaorodheshwa hadharani. Chagua la pili. Ni la polepole, lakini ndilo linalofaa hapa kwetu, na ndilo litakalokusaidia siku ambazo Tor imezibwa. Anwani ya daraja iombe mapema kwa kutuma barua pepe kwa bridges@torproject.org kutoka Gmail au Riseup isiyo na jina lako. Ukijibiwa, nakili mstari mzima kwenye karatasi au tunza msimbo wake wa QR.

Ukifungua Tor Browser, bonyeza alama ya ngao, panda hadi kiwango cha juu cha usalama. Baadhi ya kurasa zitaharibika sura. Ziache ziharibike.

Hatua ya 7: Safisha

Hamisha picha kutoka kwenye simu kwa kebo ukiwa ndani ya Tails, kabla ya kuunganisha mtandao. Hii ifanye nyumbani siku iliyotangulia na uweke kwenye flashi ya pili, maana siku ya kutuma simu haiji.

Picha hubeba aina ya simu, saa na mara nyingi latitudo na longitudo. Mwaka 2012 John McAfee, yule wa programu za kuzuia virusi vya kompyuta, alikuwa mafichoni. Jarida moja likachapisha picha yake iliyotoka moja kwa moja kwenye simu, na ramani ikasema Guatemala. Ndani ya Tails kuna programu ya Metadata Cleaner. Buruta mafaili yote humo, safisha, kisha yafungue tena kuthibitisha hakuna kilichobaki. Fanya nakala kwanza, kwa sababu inaandika juu ya faili la awali.

Faili la Word lina jina la mwandishi, la aliyelihariri mwisho na muda wa kuhariri. Usilitume hivyo. Ligeuze PDF, kisha lisafishe. PDF iliyosafishwa hugeuka picha ya kila ukurasa, kwa hiyo inaongezeka uzito na maneno hayanakiliki tena. Hilo ndilo unalolitaka.

Kuficha majina ya wasiohusika kunahitaji umakini wa pekee. Mstatili mweusi uliochorwa juu ya maandishi ya PDF hauyaondoi. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort nchini Marekani walipeleka mahakamani hati ya namna hiyo, na waandishi wakanakili maneno yaliyokuwa chini ya weusi. Kalamu ya kupaka ya kwenye simu nayo mara nyingi ni nusu uwazi: ukiongeza mwanga wa picha, jina linarudi. Kufifisha kwa ukungu kunaweza kurudishwa. Tumia GIMP, programu ya kuhariri picha iliyomo kwenye Tails: chagua eneo, jaza nyeusi kamili, hamisha kuwa picha mpya ya PNG. Kisha safisha tena.

Mwisho ni barua yako ya maelezo. Iwe fupi: waraka ni nini, umetoka idara gani, nini kimekosewa, nani mwingine anaweza kuthibitisha. Usiseme umeupataje. Usiandike "bosi wangu" wala "hapa kwetu". Ondoa misemo yako. Anayeanza kila aya kwa "hivyo basi" kwenye taarifa za ofisi ataanza hivyohivyo hapa, na anayechomeka Kisukuma katikati ya Kiswahili amepunguza hesabu. Andika kama mtu wa taarifa ya habari.

Hatua ya 8: Chagua mpokeaji, tuma

Vyombo vikubwa kama The Guardian, The New York Times na The Washington Post vina sanduku la SecureDrop, mfumo wa kupokea nyaraka kwa siri ulioanzishwa na Aaron Swartz na Kevin Poulsen na ambao tangu 2013 unasimamiwa na Freedom of the Press Foundation. Asasi nyingine hutumia GlobaLeaks, mfumo wa kazi hiyohiyo. Anwani ya sanduku, inayoishia na .onion na kufunguka kwa Tor tu, ichukue kwenye tovuti rasmi ya chombo chenyewe, si kwenye matokeo ya kutafuta. Anwani kamili ina herufi na tarakimu 56 kabla ya nukta. Zikipungua, si yenyewe.

SecureDrop itakupa maneno saba ya Kiingereza kama jina lako la siri. GlobaLeaks itakupa tarakimu 16. Hifadhi kichwani, au andika kwenye karatasi ukichanganya na orodha ya kitu kingine. Usipige picha.

Pakia faili moja moja. SecureDrop haipokei faili la zaidi ya MB 500. Picha za simu za MB 3 hadi 5 zitapita bila shida, ila Wi-Fi ya mgahawa jioni inaweza kuchukua nusu saa kwa kurasa kumi.

Mwandishi wa hapa nchini asiye na sanduku la namna hiyo anafikiwa kwa posta. Bahasha ya kawaida, anwani iliyochapishwa, stempu ya kutosha, iwekwe kwenye sanduku la barua la mtaani au la wilaya nyingine, bila jina la mtumaji. Chapisha picha zilizosafishwa kwa printa nyeusi na nyeupe isiyo ya ofisi wala ya stationari unayojulikana. Njia ya zamani, na inafanya kazi vizuri kuliko Signal, programu ya kutumiana ujumbe, iliyosajiliwa kwa laini yenye NIDA yako. Signal ni nzuri kwa kulinda maneno. Kumficha mwenye namba asijulikane kwa mpokeaji kunahitaji jina la mtumiaji, ambalo programu hiyo imeruhusu tangu 2024, na bado laini ya usajili ni yako.

Usitegemee mpokeaji akubebee siri yako. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa, na mashtaka yake yalihusu kukataa kutoa taarifa za watumiaji. Alikataa. Wengine hawatakataa, kwa hiyo njia nzuri ni ile ambayo mpokeaji hana jina lako la kutoa.

Hatua ya 9: Baada ya kutuma

Zima Tails, chomoa flashi. Futa picha kwenye simu na kwenye pipa la taka lake, maana Google Photos hutunza vilivyofutwa hadi siku 60. Flashi ya pili ivunje au uandike Tails upya juu yake.

Rudi kwenye SecureDrop baada ya wiki moja au mbili, kutoka sehemu tofauti. Mwandishi huwa na maswali, na asiyerudi hupoteza habari nzuri kwa swali moja lisilojibiwa.

Habari ikitoka, usiwe wa kwanza kuisambaza kwenye kundi la ofisi, wala usiwe pekee uliyekaa kimya. Usiitafute kwenye kompyuta ya kazini kabla haijavuma. Usiache kazi mwezi huo. Usimwambie mwenza, ndugu wala rafiki: wakihojiwa, wasio na cha kusema hawatateseka kukificha.

Huna laptopu?

Tor Browser ipo kwa Android, bure. Inalinda kilicho ndani ya kivinjari hicho tu. WhatsApp na programu nyingine zinaendelea kama kawaida. Tumia simu iliyotolewa laini, kwa Wi-Fi pekee, na simu ambayo haijawahi kubeba laini yako. Picha zisafishe kwa programu ya Scrambled Exif. Inapungua ulinzi kuliko Tails, hivyo kwa waraka ulioonwa na watu wachache usiitumie.

Inapogoma

*Laptopu inaingia Windows, haioni flashi.* Ndani ya Windows shika Shift huku ukibonyeza kuwasha upya, kisha chagua kutumia kifaa, halafu USB. Bado? Jaribu tundu lingine, kisha flashi ya pili.

*Wi-Fi haionekani kabisa.* Kadi za Wi-Fi za baadhi ya laptopu hazisomwi na Tails. Adapta ndogo ya USB ya Wi-Fi hutatua. Ijaribu nyumbani kwanza.

*Tor imekwama haimalizi kuunganisha.* Mara nyingi ni saa ya laptopu. Betri ya ndani ikifa, saa inarudi miaka nyuma na daraja linakataa. Weka saa ya UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu: ikiwa hapa ni saa nane mchana, andika 11:00.

*Saa iko sawa, bado imekwama.* Daraja limezibwa au limekufa. Tumia la pili. Ndiyo maana unaomba mapema. Yote yakikataa, hamia mtandao mwingine siku nyingine.

*Wi-Fi inaleta ukurasa wa kuingia.* Tails ina kivinjari maalumu kisicho salama kwa ajili ya ukurasa huo tu. Ukidai nenosiri la mgahawa, weka. Ukidai namba ya simu na kutuma ujumbe wa uthibitisho, nywa soda yako, ondoka.

*Metadata Cleaner inakataa faili.* Aina hiyo haiijui. Lifungue, ligeuze PDF au picha, kisha safisha.

*Umesahau maneno saba.* Hayarudishwi na mtu yeyote. Tuma upya, ukitaja ulituma nini mwanzo ili mwandishi aunganishe.

*Ofisini wameanza kuulizana.* Usianze kufuta mafaili ya ofisi wala kubadilisha simu wiki hiyo. Fanya kazi kama jana. Ukiitwa, una haki ya kuomba wakili awepo kabla ya kuandika maelezo, na namba ya wakili huyo uwe uliishika kichwani kabla ya hatua ya kwanza.